Vifuatavyo Havihitajiki Tena

Neno lenyewe lilikuwa fupi, tena kwa herufi ndogo: rosette.

Adolphine alilikuta saa nane mchana kwenye kompyuta ya maternité, nyumba moja ndogo ya kujifungulia mjini Baraka. Kompyuta hiyo inatumia Linux, na aliachiwa aitunze tangu mume wake, fundi Wilfried, azame akivuka ziwa kwenda Ubwari. Siku ya mazishi hakulia. Hakulia hata baadaye. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, akawa anaamka kwa sababu ya binti yao Ketsia, basi.

Alikuwa akiisafisha kama Wilfried alivyomfundisha. Unaandika apt autoremove kwenye skrini nyeusi, nayo inakutajia paketi, vipande vidogo vilivyoingia kusaidia programu nyingine na sasa havina anayevihitaji. Kisha inauliza kama iviondoe: [O/n], oui au non, ndiyo au hapana. Unaandika o. Kazi ya kufagia tu. Siku hiyo orodha ya vitu visivyohitajika tena ilikuwa na jina moja, na chumba kilinuka wavu mbichi wa samaki. Adolphine aliandika o, akaendelea kula muhogo wake.

Kesho yake sakafu haikudekiwa. Alimwuliza mkunga Gaju kama Rosette, mfanya usafi wao, anaumwa.

"Rosette gani?" Gaju alisema. "Hapa hatuna muntu wa ile jina."

Ndoo ya Rosette ilikuwa pale pale mlangoni, kitambaa chake bado kibichi. Adolphine alijua angepaswa kuogopa. Akachukua kitambaa, akadeki mwenyewe; kufika jioni uso wa Rosette ulikuwa umeanza kumtoka hata yeye.

Wiki iliyofuata hakuandika amri yoyote. Alipowasha tu, feni ya kompyuta ikaanza kuvuta pumzi ndefu, harufu ya wavu ikapanda kutoka chini ya meza, na herufi zikajiandika zenyewe moja moja, bila haraka, k, kisha e, kisha t, naye akakaa anazitazama, akijua jina kabla halijaisha na akishindwa kuinua mkono hata kufunika skrini: ketsia. Chini yake, [O/n]. Saa hiyo mtoto alikuwa école, darasani.

Hofu ikampata, ya kwanza tangu msiba. Akakimbia kumwita Mama Arlette, mama wa maombi wa mtaa wa pili.

Mama Arlette alinusa hewa kwanza, akapaka mafuta pembe nne za meza, akaomba. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ni jini ya mu maji. Ilikufuata siku ile ulienda kutafuta bwana yako. Haiue muntu. Inauliza kama ule muntu bado iko na kazi, na we unaijibu."

"Nifanye nini, mama?"

"Usijibu. Kama muntu anakuita na haumuone, haumujibu. Hata 'hapana' ni jibu."

Hivyo ndivyo Adolphine alivyolelewa na bibi yake. Hakuandika o, hakuandika n. Swali lilipobaki likimkodolea macho, aliliacha tupu na kubonyeza Enter, ili lipite.

Feni ikanyamaza. Harufu ikatoka.

"Imeenda," Mama Arlette alisema, akajipangusa mikono.

Adolphine alikuwa amefika njia ya soko alipokumbuka maneno ya Wilfried: kati ya herufi mbili zile, iliyo kubwa ndiyo jibu la mtu aliyenyamaza. O ilikuwa kubwa. Aliyebonyeza bila kuandika amesema oui. Alisimama katikati ya watu, akijitahidi kukumbuka kwa nini jambo hilo lilikuwa na maana.

Nyumbani alikuta kandambili ndogo mlangoni, akampelekea jirani, huenda ni za mtoto wa pale. Akasonga ugali, akaugawa kwenye sahani mbili. Ya pili aliitazama mpaka ikapoa. Halafu akairudisha kwenye sufuria.