Nyangeta Si wa Kugawa

Dadu ilidunda mara moja juu ya meza, ikazama kwenye fungu la dagaa la Pelagia.

Soko la samaki la Mwigobero, Musoma, lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, na kijana aliyevaa shati la maua, lililopigwa pasi kupita hadhi ya mahali penyewe, alikuwa ametoboka mfuko. Pelagia akaokota kile kitu kwa ncha za vidole. Kilikuwa chekundu, chenye nyuso nyingi, kila uso na namba yake.

"Kaka, dawa yako hii," alisema, macho chini.

"Siyo dawa, dada. Ni dadu."

"Mganga wako ndiye kakwambia hivyo?"

Kijana alicheka mpaka muuza sato wa jirani akageuka. Pelagia naye alijishangaa. Hakuwa mtu wa kutania wageni.

Kijana aliitwa Burito, alikuwa akitoa fotokopi kwenye duka la steshenari mjini. Kila Jumapili, baada ya kanisa, yeye na rafiki yake Enoka walikuwa wakikaa nyuma ya duka na kucheza mchezo wa mezani. Kila mmoja anajibunia mtu wake, mmoja anaongoza kisa, na dadu inaamua kama mtu atavuka mto au ataliwa na mamba. Burito alikuwa anatunga mchezo wake mwenyewe, wa vijiji vya kandokando ya ziwa. Akamkaribisha Pelagia. Pelagia alikataa, akakataa tena, kisha akaenda, na kitenge cha samawati na viatu vya kuazima.

Mezani alinyamaza mpaka Enoka akadhani ni bubu. Alipoulizwa mtu wake ni nani, akasema: Nyangeta. Lilikuwa jina la bibi yake, aliyezikwa Butiama. Nyangeta wa mezani aliwazuia wezi wa ng'ombe kwa kuimba jina la kila ng'ombe, mpaka wezi wakaona aibu kuswaga wanyama wanaojulikana hivyo. Sauti iliyomtoka Pelagia siku hiyo, yeye mwenyewe hakuifahamu. Mtu anayepitishwa kituo kwa kuogopa kumwambia konda amshushe, akiwa Nyangeta aliamrisha wanaume.

Pelagia ndiye pia aliyeleta kanuni ya mji. Ukishindwa kuvuka, unategewa kitendawili. Ukishindwa na hicho, unatoa mji, kama watoto wanavyofanya jikoni wakisubiri ugali.

"Hii yote tamu," Burito alisema. "Niandike?"

"Andika," Pelagia akajibu. Alikuwa anatazama vidole vya Burito. Karatasi hakuifikiria.

Zikaanza simu.

"Nyangeta wangu, umelala?"

"Nyangeta kalala. Pelagia ndiye yuko macho."

"Basi mpe simu Pelagia, huyo ndiye namtakaga."

Walitembea ufukweni jioni, akampa mkono, naye Burito akaushika kama mtu aliyebeba yai. Pelagia aliporudi nyumbani alichelewa kunawa.

Enoka ndiye aliyeleta balaa, tena kwa furaha. "Shemeji, umekuwa maarufu," alisema, akampa simu yake. Burito alikuwa ameuweka mchezo wake mtandaoni, na wachapaji wa nchi ya mbali walikuwa wameuchukua na kutengeneza wa kwao. Kwenye picha alisimama mwanamke mwenye meno ya mamba. Chini yake liliandikwa: Nyangeta. Enoka akamtafsiria. Alikuwa mchawi anayekula watoto, na mchezaji atakayemuua anapewa ng'ombe wake.

Pelagia alimfuata Burito penye mashine. Burito akaeleza, mikono ikichezacheza. Aliutoa mchezo kwa leseni huria. Yeyote anachukua, anabadilisha, hata anauza, mradi ataje alikoutoa. Yeye mwenyewe alijifunza kwenye michezo ya watu waliofungua milango hivyo hivyo. Angeufungaje wa kwake?

"Na mimi?"

"Pelagia, ulisema andika."

Kweli, alisema. Hilo ndilo lililomvuruga. Akaondoka bila kuaga, akapanda basi la Butiama kwa shangazi yake, Petronila.

Kule alimenya mihogo akamenya na kidole. Kanuni ya mji haikuwa yake. Ilikuwa ya kila mtoto, na hata ikienda Ulaya haikumuuma. Mbona Nyangeta alimuuma? Na ule mkono aliompa Burito, alikuwa amempa kiasi gani? Alimkasirikia Burito, kisha akajikasirikia mwenyewe, kisha akatamani simu iite ili asiipokee.

"Mimi sijui mambo ya leseni," shangazi alisema baada ya kusikia yote. "Lakini nikikukaribisha chai, sijakupa birika."

Simu iliita. Pelagia akaipokea, akanyamaza.

"Najua unasikia, nasikia kuku wa shangazi," Burito alisema. "Nimemuuliza mwanasheria. Kanuni za mchezo hazina mwenyewe. Lakini Nyangeta umemtunga wewe, na kisichokuwa changu sikuwa na uwezo wa kukigawa. Nikisema hadharani kwamba nilimgawa bila ruhusa yako, itabidi wale wachapaji wamtoe."

"Si useme."

"Hao hao ndio wanataka kuchapa kitabu cha mchezo wangu."

Pelagia akaelewa. "Watakuacha."

"Wataniacha. Unataka nifanyeje?"

"Usiniulize mimi," alisema, akakata. Alitaka Nyangeta arudi. Alitaka pia Burito apate kitabu chake. Mambo hayo mawili hayakukaa chungu kimoja.

Burito alikuja bila kuitwa, kwa bodaboda, shati la maua limekuwa jekundu kwa vumbi. Alikuwa amesema, kwa jina lake mwenyewe, mahali pale pale alipouweka mchezo. Wachapaji wakamtoa Nyangeta. Na Burito wakamtoa. Nakala zilizokwisha kuuzwa, hizo hakuwa na namna ya kuzirudisha, na hakumficha.

"Nimekuja kuomba ruhusa," alisema.

"Ya Nyangeta?"

"Yako. Nikuoe. Nyangeta baadaye, kwa karatasi, na jina lako juu."

Kicheko na kilio vilimjia Pelagia pamoja, asijue atangulize kipi. Nyangeta angejua la kusema. Akaitafuta ile sauti ya mezani, akaikuta kooni mwake.

"Kitendawili."

"Tega," Burito alisema, ameduwaa.

"Ni changu, ila wewe unakitumia kuliko mimi."

Burito akasema moyo. Akasema simu. Akasema Nyangeta, kwa woga. Akashindwa.

"Nipe mji."

"Nakupa Musoma."

"Umeanza tena kugawa vya watu."

"Bunda?"

"Bunda ni yako?"

Burito akatazama viatu vyake. "Sina mji, Pelagia. Nina chumba kimoja cha kupanga, Nyasho. Mvua ikinyesha nasogezaga kitanda."

"Huo nimeupokea," Pelagia alisema. "Jibu ni jina langu."

Burito akalitaja, polepole, kama anayeomba.

"Karibu ndani, chai ipo," Pelagia alisema. "Lakini birika linabaki mkononi mwangu."

Burito hakuelewa birika limeingiaje hapo. Akavua viatu, akaingia.