Fundi Mkimya wa Mnarani

Sauti moja ilizidi. Kasuku alikuwa amesimama chini ya mnara na watoto wa shule, kipaza sauti mkononi, akauliza swali analomalizia nalo kila siku: "Haya wanangu, mnara huu ni wa nani?" Watoto wakapasua koo, "Wa Fundi Mkimyaaa!" Basi walipokwisha kufunga midomo, sauti nzito ya mwanamume ikajibu kutoka juu, ndani ya ngazi: "Wangu."

Kasuku alicheka, maana mlinzi wa lango alikuwa na utani wa kishenzi. Akageuka amtolee uvivu. Mlinzi yuko palepale langoni, shavu limejaa mkate.

"Wewe, nani yuko huko juu?"

"Juu kuna nani tena? Funguo si hizi hapa?" Mlinzi akazitikisa kiunoni. "Leo umeamkia upande gani, mama?"

Jina la Kasuku alibandikwa na wenzake kazini kwa jinsi alivyoimeza hadithi ya mnara, akawa anaitoa mbele ya wageni bila kupunguza nukta. Mwenyewe hakuona tusi. Baba yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa mnara kabla ya kustaafu, na hadithi ile Kasuku aliinyonya pamoja na maziwa. Nchi nzima iliijua. Mnara ulikuwa kwenye stempu, kwenye majalada ya daftari, hata kwenye viberiti, na mtoto anayejifunza kusema angekwambia kwamba ulijengwa na Fundi Mkimya, mtu aliyekuja peke yake, akajenga bila kutamka neno, akaenda zake bila kuaga.

Alipofika nyumbani mchana, sebule ilinuka chokaa mbichi. Nyumba ile haikuguswa na fundi tangu mama yake alipofariki. Baba yake alikuwa kwenye kiti, redio imezimwa, na miguu yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye vifundo, kama mtu aliyekanyaga unga.

"Baba, umetoka wapi na miguu hiyo?"

"Funga mlango kwanza," mzee akanong'ona. "Amekuja tena."

"Nani?"

"Ananiita baba."

Ukiwa na mzazi wa umri ule hofu yako ya kwanza ni moja tu, kwamba akili imeanza kuaga. Kasuku akamshika kipaji cha uso, akakuta baridi. Akainama ampanguse miguu na upindo wa kanga, na ule weupe ukakataa kutoka, na alipokuwa bado anasugua akasikia kutoka jikoni mwiko wa fundi ukikwaruza ukuta, kwaru, kwaru, taratibu, kama mtu asiye na haraka na kazi yake, na ile harufu ya chokaa ikazidi mpaka macho yakamchoma, na mwiko ukahama ukuta wa jikoni ukaja ukuta wa korido, kwaru, kwaru, ukafika nyuma ya pazia alipokuwa amepiga magoti, ukanyamaza, na ile sauti ya mnarani ikasema kwa upole karibu na sikio lake: "Baba, mbona unanificha kwa dada?"

Walitoka mbio, yaani Kasuku alitoka mbio na mzee akaburutwa. Jua lilikuwa la utosi na barabara imejaa watu.

"Niambie, baba. Usinifiche."

Mzee alivuta pumzi, pumzi ikaja nusu. "Fundi Mkimya hakuwahi kuwepo, mwanangu. Mimi ndiye niliyemtunga."

Lo! Miaka yote hiyo umeisimulia hadithi kama sala, kumbe ilipikwa na mtu unayemchemshia chai. Mzee akaeleza. Alipokabidhiwa mnara, ulikuwa na wenyewe wawili. Watu wa mlimani walisema umejengwa na babu yao, watu wa bondeni wakasema mwizi ni mwizi tu, babu ni wa kwetu. Walikatana mapanga palepale kwenye ngazi za chini. Yeye mwenyewe aliosha damu kwa maji na mchanga. Ndipo akachonga jiwe jipya lenye jina la mtu asiye wa mlimani wala bondeni, akamfanya bubu ili pasiwe na wa kuuliza alisema nini, na akawafundisha watembeza wageni lile swali la kupigiwa kelele. Ugomvi ukafa. Wakaoana.

"Mimi niliona nimeokoa watu," alisema. "Na kweli niliwaokoa."

Mganga waliyemwita nyumbani alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyekaa sebuleni akanusa mara moja na kupiga chafya. Hakuwasha ubani wala hakupunga mtu. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Wenzenu hufuatwa na jini. Nyinyi mmemwalika," alisema chini chini. "Jina lisilo na mwenyewe ni nyumba tupu. Mmeipigia hodi kila siku, na watoto wa watu mkawafundisha kuigonga. Aliyekuwa akizurura bila jina akaona, ah, kumbe naitwa mimi. Akaingia."

"Sasa anataka nini kwetu?" Kasuku aliuliza.

"Anataka baba. Na mtoto akishakuwa mtu mzima hudai urithi. Baba yako ana nini cha kumpa zaidi ya hiyo pumzi? Tazama miguu. Chokaa ikifika kifuani, basi." Alivua miwani akaifuta. "Aliyempa jina ndiye amvue, mbele ya haohao wanaomwita. Na akishamvua, jina hilo lisitoke tena kinywani mwa mtu. Likiitwa na umati mara nyingine, mimi msinifuate."

Jumamosi uwanja wa mnara hujaa. Chokaa ilikuwa imepita magoti, na Kasuku na mlinzi walimbeba mzee mpaka jukwaani, mganga akasimama pembeni. Mlinzi, safari hii, hakuwa na utani.

Mzee alisema yote. Alipofika kwenye maneno "hakuwahi kuwepo, nilimtunga kwa kinywa changu, na leo namkana," ndani ya mnara kitu kiliporomoka ngazi kwa ngazi, kikilia kilio kama cha mtoto aliyeachwa njiani, na Kasuku akaona kwa macho yake weupe ukishuka miguuni mwa baba yake, ukishuka, ngozi ikirudi rangi yake. Mzee akavuta pumzi nzima. Kasuku akalia kwa furaha hadharani, bila aibu.

Lakini umati haukuwa ukitazama miguu.

"Mnaona? Kumbe ni babu yetu!" mmoja wa mlimani akapaza sauti. "Nilisema mimi!"

"Babu yako?" akajibiwa kutoka upande wa bondeni. "Babu yako banda la kuku lilimshinda!"

Watu walicheka, na kicheko hakijaisha jiwe likarushwa. Mume wa mlimani akamsukuma shemeji yake wa bondeni, wakakamatana mashati, mama mmoja akaanguka na mtoto mgongoni na watu wakampita juu, na kijana mwenye nondo akapanda jukwaani akisema mzee huyu ametudanganya maisha yetu yote, huyu ndiye wa kuanza naye, na nondo ikapanda juu ya kichwa chenye mvi cha baba yake, na Kasuku hakuwaza, au aliwaza yote kwa mpigo, yule mama chini, nondo juu, mganga akimtikisia kichwa kutoka pembeni, akanyakua kipaza sauti akapiga ukelele: "Mnara huu ni wa nani?"

Vinywa vilivyofundishwa tangu shule havikusubiri ruhusa. Uwanja mzima ukaitika, wa mlimani na wa bondeni, hata kijana wa nondo: "Wa Fundi Mkimya!"

Mikono ikashuka. Watu wakatazamana kwa haya, kama waliozinduka. Mtu akamwinua yule mama na mwanawe. Na kutoka juu, katikati ya ule ukimya, sauti iliyojaa furaha ikasema: "Wangu."

Hakuna aliyemgusa mzee. Walimrudisha kwa mkokoteni, maana miguu ilikuwa haikunjiki tena.

"Ulifanya sawa," alimwambia bintiye njiani, kwa pumzi fupi. "Wangeuana. Hata mimi nilifanya vivyo hivyo."

Nyumbani Kasuku alipika wali, akaketi kumlisha baba yake, weupe ukiwa tayari tumboni. Kabla hajanyanyua kijiko, kiti cha tatu kikavutwa taratibu, kikakaliwa, kikalia kwa uzito.

"Dada," ile sauti ilisema. "Na mimi je?"

Kasuku alimtazama baba yake. Mzee alifumba macho.

"Mpakulie ndugu yako," akasema.

Akainuka, akaenda kabatini kutafuta sahani.