Miguu Iliyokanyaga Mboga

Kila Jumamosi, baada ya kufagia ua, Lien alifuatana na bibi yake hadi chuo cha jamii cha mji wao mdogo wa Gongguan. Huko Mwalimu Fan, mama mzee mwenye sauti kavu, alifundisha mapishi ya Wahakka, kabila la mababu zao, pamoja na lugha yao ya Kihakka. Karibu wanafunzi wote walikuwa watu wazima. Watoto walikuwa wawili tu, Lien na binamu yake Weihan, mvulana ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

Msimu ule wa baridi walikuwa wakitia chumvi majani ya haradali ndani ya pipa. Majani hayo hukanyagwa kwa miguu mitupu mpaka yatoe maji, kisha huwekewa mawe juu na kuachwa yachachuke. Mwalimu Fan alipendelea mtoto akanyage, kwa kuwa ni mwepesi. Siku hiyo alimchagua Lien. Weihan akanuna.

"Hata kusalimia kwa Kihakka hujui," akamnong'oneza. "Leo ndio umekuwa fundi?"

Sharti lilikuwa moja. Mguu usiwe na mafuta wala kidonda, maana tone moja la mafuta huweza kuozesha pipa zima.

"Miguu yako iko safi?" Mwalimu akauliza.

Baridi ilikuwa imempasua Lien visigino, na ufa mmoja ulikuwa ukitoa usaha. Usiku alikuwa amevipaka mafuta ya mbegu za chai, na asubuhi hiyo alikuwa ameimwagia miguu maji tu, bila sabuni. Akamwona Weihan amekwisha kukunja suruali, anasubiri nafasi.

"Iko safi, Mwalimu."

Akakanyaga huku watu wazima wakimfundisha kuhesabu hatua kwa Kihakka, naye akafurahi hata akasahau. Furaha ilikatika pale Mwalimu alipotangaza kwamba mboga zile wangegawiwa wazee wanaoishi peke yao. Wa kwanza angekuwa Mzee Lo, jirani wa Lien, aliyekuwa ametoka kupasuliwa tumbo.

Tangu hapo hofu ikamwingia Lien na kukaa kama mgeni asiyeaga. Mzee Lo alizoea kumpungia mkono kutoka mlangoni. Sasa Lien alipita ametazama upande mwingine. Chakula alikiacha sahanini. Bibi alimgusa paji la uso akamuuliza ana nini, akasema hana kitu. Alitaka kusema, lakini angeonekana mwongo mbele ya darasa zima, na Weihan angepata la kumcheka mwaka mzima. Akajipa moyo kwamba labda hakuna kitakachotokea. Ndivyo hofu inavyotudanganya! Mficha maradhi, kifo humfichua.

Siku ya kufungua pipa ikafika. Chumba kilinuka uchachu, wala Lien hakuweza kutambua kama ni uchachu mzuri au mbaya. Kwa desturi mwalimu huonja kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu Fan akaondoa mawe, akachana kipande cha jani, akakipeleka mdomoni. Lien akapaza sauti.

"Usile, Mwalimu!"

Wote wakageuka. Lien akasema yote, mafuta, usaha na uongo, huku machozi yakimtoka. Weihan akafumbua mdomo. Bibi akamkazia macho, naye akaufumba.

Mwalimu Fan hakukaripia. Aliomba kwanza auone mguu. Kisigino kilikuwa kimevimba, kwa hiyo Bibi akampeleka zahanati siku ileile. Mboga za pipa zima zikafukiwa kwenye shimo la mbolea.

Bahati nzuri, Bibi alikuwa na kipande cha shamba alichochelewa kukipanda haradali. Mboga zake zilipokomaa, kisigino kilikuwa kimepona. Mwalimu Fan akamwita tena Lien, wala si Weihan. Lien akasema anaogopa.

"Afadhali uogope," Mwalimu akamwambia. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mboga hizi nilifundishwa na mama yangu, naye akafundishwa na mama yake. Zimetufikia kwa sababu kila aliyeingia pipani, aliposema miguu yake ni safi, kweli ilikuwa safi. Mafuta yanatoka kwa sabuni. Uongo hautoki mpaka mwenyewe auseme, na wewe umeusema kabla haujamdhuru mtu. Kwa hiyo nakuuliza tena. Miguu yako iko safi?"

Lien alikuwa amekwisha kuiosha. Akaitazama, akamtazama Mwalimu.

"Ngoja niioshe tena, Mwalimu."

Weihan akaleta ndoo na sabuni, akachuchumaa kummwagia maji.

"Sugua na hapo nyuma, fundi," akasema, na safari hii hakumcheka.