Ujumbe Haukufika Stoo

Kila asubuhi Mama Stoo alifungua mlango wa chuma, akapanga majora ya vitambaa, akakaa kwenye kiti chake. Stoo ilikuwa nyuma kabisa ya kiwanda cha kushona sare. Watu walikuja mmoja mmoja.

"Shikamoo mama, naomba jora la bluu."

"Marahaba, mwanangu."

Wakabeba, wakaenda zao. Tangu mumewe afariki, miezi saba sasa, hizo ndizo zilikuwa salamu zake za siku nzima. Nyumbani nako kimya. Jamani, tusidanganyane: upweke ulikuwa umemzidi.

Siku moja meneja aliingia amefura kwa hasira.

"Tulisema jora jeupe lisitolewe, lina kasoro! Wewe umelitoa. Sare arobaini zimeharibika. Na hii ni mara ya tatu."

"Nani aliniambia, bosi?"

"Tuliandika kwenye grupu la simu. Ukirudia tena, tutaachana."

Mama Stoo akanywea. Kazi hiyo ndiyo peke yake iliyokuwa ikimtoa kitandani. Aliona aibu kusema kwamba simu yake ni ndogo ya vitufe, haina mambo ya grupu.

Wiki ileile meneja alimwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mcheshi, awachagulie njia bora ya kutumiana ujumbe kazini. Mwingine angekaa ofisini akachagua. Huyu alizunguka meza zote akiuliza swali moja: "Wewe, ujumbe unakufikiaje?"

Alipofika stoo, akasoma namba kwenye orodha ya grupu. "Hii ni yako, dada?"

"Hiyo ni ya marehemu mume wangu. Ndiye aliyekuwa na simu kubwa. Alikuwa akinisomea kila jioni, kesho kuna hiki, kuna kile."

"Sasa simu iko wapi?"

"Kabatini. Nimeizima. Sina moyo wa kuishika."

Kesho yake Mama Stoo aliileta, wakaichaji. Ikalia mfululizo. Ujumbe wa jora jeupe ulikuwemo. Na huu pia, wa wenzake wa kiwandani: "Mama Stoo, Jumapili tuje kukuona?" Ukafuata mwingine: "Hajibu." Kisha mwingine: "Basi tumwache. Labda hataki watu."

"Kumbe!" Mama Stoo akalia kwa sauti. "Na mimi nilidhani wamenisahau tangu tuzike!"

Fundi aliwaita wote, akawaeleza yaliyotokea. Mkataji, mzee mwenye maneno mengi, hakukubali upesi.

"Grupu linatosha, bwana. Ni la bure."

"Bure gani hiyo iliyokula sare arobaini?" fundi akamuuliza.

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alimwomba Mama Stoo radhi mbele ya wote.

"Tusitafute programu ya mapambo," fundi akasema. "Tuulize kama inamfikia kila mtu pale anapofanyia kazi. Ujumbe wa kazi usitegemee simu ya mtu, wala ya mumewe. Maagizo yawe na chumba chake, na stori zenu chumba kingine, yasimezwe. Anayepata agizo abonyeze 'Nimeona'. Robo saa ikipita hajabonyeza, mtu aende kwa miguu."

"Na sisi tunaosoma polepole?" Mama Stoo akauliza.

"Basi iwe na sauti. Unasikiliza, unajibu kwa mdomo."

Walijaribu programu mbili, kila moja wiki moja. Ya kwanza ilipendeza sana, lakini haikuwa na sauti. Wakaiacha. Wakachukua ya pili, na kishikwambi chenye programu hiyo kikafungwa ukutani mwa stoo.

Kosa la vitambaa halikutokea tena. Mwezi wa pili wa kutumia programu hiyo, Mama Stoo alikuwa akikagua jora la kijani. Lile pacha lake lilikuwa limeshapelekwa kukatwa. Akaona matundu. Akakimbilia kishikwambi. Akabonyeza, akasema, "Msikate kijani! Kimetoboka!"

"Nimeona" ikaja. Ikaja nyingine. Mashine za kukata zikanyamaza zote. Alikuwa amesema neno, na watu wamelisikia.

Punde mkataji akatokea mlangoni.

"Umelirudisha jora?" Mama Stoo akamuuliza.

"Liko mezani kwangu, sijaligusa."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukaa," mkataji akasema, akavuta stuli.