Kiranja wa Kengele

Kila siku ya shule Kijiti alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa nayo. Walimu walifundisha, wapishi walipika, na yeye aliwaambia wote lini waanze na lini waache. Alikuwa kiranja wa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo nje ya ofisi ya walimu, na aliigonga kwa kipande cha nondo alichokitunza kama mali ya ukoo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kiasi cha darasa zima kumpa jina hilo. Lakini akiigonga ile ringi, hata wenye maduka ng'ambo ya barabara walijua ni saa ngapi.

Mwezi wake wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kijiti aliketi karibu na mlango. Kipindi kilipokaribia kwisha aliomba ruhusa, akaenda kutazama saa ya ukutani ofisini, akagonga, akarudi. Jumanne moja alizama kwenye hesabu za sehemu mpaka akasahau kila kitu, na mapumziko yakachelewa dakika kumi. Hakuna aliyeumia, ila watoto mia nne wenye njaa hawasamehi upesi.

"Shikamoo, Dakika Kumi," alisema Redio, mvulana wa darasani kwake ambaye mdomo wake ulifunguliwa asubuhi na kufungwa wakati wa kwenda nyumbani. Darasa likaangua kicheko. Kijiti alicheka nao, lakini ndani alikuwa anaungua.

Jumatano hakusikia somo hata moja. Macho yalikuwa ubaoni, mawazo yote ofisini kwenye saa. Aliomba ruhusa mara tano katika kipindi kimoja, hadi mwalimu akamuuliza kama tumbo lilikuwa linamwendesha. Watoto wakacheka tena.

Alhamisi aliingia ofisini mbio, akaona kama mkono mfupi wa saa umeshafika kwenye saa nne. Amechelewa tena! Hakuutazama mkono mrefu hata kidogo. Alitoka na kuigonga ringi kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Madarasa yakamwagika uwanjani. Wapishi wakatoka jikoni na miiko mikononi, kwa sababu chai ilikuwa haijaanza hata kuchemka. Walimu walihangaika kuwarudisha watoto ndani, na kila aliyepita karibu na Kijiti alimtupia jicho.

"Sasa ni Dakika Ishirini," Redio alitangaza. "Amepandishwa cheo."

Ijumaa asubuhi Kijiti hakuamka kitandani. Alisema tumbo linamuuma. Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Alimshika paji la uso, akambonyeza tumbo, akamtazama ulimi.

"Hospitalini ningekuandikia dawa," alisema. "Hapa nyumbani nataka unieleze. Nini kinakusumbua, mwanangu?"

Kijiti alianza kwa kulia, kisha akaeleza yote. "Na Jumatatu darasa la mwisho wana mtihani wa majaribio, mama. Nikikosea tena, watafeli kwa sababu yangu. Siitaki tena ile kengele. Wampe mtu mwingine."

Mama hakumwambia asiogope. Aliketi pembeni mwa kitanda, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika.

"Wiki yangu ya kwanza wodini nilimpa mgonjwa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani."

Kijiti aliacha kulia. "Akafa?"

"Hakufa, zilikuwa vitamini tu. Lakini nilijifungia kwenye stoo ya mashuka, nikalia nusu saa. Siku iliyofuata nilisoma kila jina mara mbili, na mikono ilikuwa inatetemeka vilevile."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Hujawahi kuniuliza. Unaniona na sare iliyopigwa pasi, unadhani nilizaliwa nayo." Mama alimfuta machozi kwa kiganja. "Ukifika mbele ya saa, simama kwanza. Vuta pumzi taratibu mara tatu. Halafu soma mikono yote miwili, uitaje saa kwa sauti. Na kama bado unataka kuiacha kazi hiyo, utamwambia mwalimu wewe mwenyewe. Mimi siandiki barua."

Kijiti alikwenda shule, na mapumziko yalipofika alimfuata mwalimu wa taaluma, mwanamke mrefu ambaye viwiko vyake havikukosa chaki.

"Mwalimu, naomba kurudisha nondo."

Mwalimu alipangusa chaki kiwikoni. "Leo una hofu, na siku ya hofu si siku ya kuamua jambo. Nirudishie Jumatatu mtihani ukiisha, kama bado utataka. Nitaipokea bila kukuuliza neno."

Jumamosi na Jumapili zilikuwa ndefu. Kila alipopita mbele ya saa ya sebuleni Kijiti alisimama, akapumua mara tatu na kuitaja saa kwa sauti, mpaka mama yake akasema sasa nyumba haihitaji tena redio.

Jumatatu watahiniwa walikaa katika vyumba vitatu, karatasi zimefunikwa juu ya madawati. Mtihani ungeanza saa mbili kamili na kwisha saa nne kamili, na muda huo ulikuwa umeandikwa ubaoni kila chumba. Kila msimamizi alikuwa na saa yake, na kila saa ilikuwa na maoni yake, kwa hiyo walikubaliana kufuata kengele tu.

Kijiti alisimama ofisini, nondo mkononi. Bado dakika mbili. Alifumba macho, akavuta pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Moyo haukutulia, akaona aongeze kidogo. Akapumua kwa bidii, pumzi baada ya pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akajisikia vizuri. Alipofumbua macho, ilikuwa saa mbili na dakika sita.

Aligonga. Kule vyumbani karatasi zikafunuliwa, kalamu zikaanza kazi. Hakuna aliyetoka nje kuuliza, hakuna aliyejua. Kijiti alibaki amesimama. Akinyamaza, hakuna wa kumcheka, na Redio hatapata jina jipya. Lakini saa nne kamili karatasi zitakusanywa, na kila mtahiniwa atakuwa amepoteza dakika sita bila kosa lolote.

Alitamani kukimbilia nyumbani. Badala yake alitembea hadi chumba cha kwanza, akasimama mlangoni mbele ya macho arobaini.

"Mwalimu," alisema, na sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Mwalimu, nimechelewa kugonga. Dakika sita. Ni kosa langu. Naomba waongezewe."

Mwalimu wa taaluma, aliyesimamia chumba hicho, aliangalia saa yake, akafuta ubao, akaandika: saa nne na dakika sita.

"Vyumba vingine viwili navyo vinakusubiri," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kawaambie."

Mara ya pili ilikuwa ngumu vilevile. Mara ya tatu ilikuwa afadhali kidogo. Saa nne na dakika sita Kijiti aligonga kengele, na safari hii alikuwa ameisoma mikono yote miwili.

Habari zilimfikia Redio kabla chai haijamiminwa. "Dakika Sita!"

"Si unaona zinapungua?" Kijiti alijibu. Safari hii waliokuwa karibu walimcheka Redio. Msichana mmoja wa darasa la mwisho alipita na kumgusa Kijiti bega. "Zile dakika sita ndizo nilizomalizia insha yangu," alisema. "Asante, mdogo wangu."

Mwalimu wa taaluma alimkuta Kijiti chini ya ringi. "Haya, unarudisha nondo?"

Kijiti alifikiri. "Hapana, mwalimu. Lakini bado naogopa. Nilidhani nikishakuwa jasiri, hofu itaisha. Itaisha lini?"

"Nimefundisha miaka kumi na tisa," alisema mwalimu, "na kila asubuhi kabla ya kuingia darasani tumbo bado linanikata. Viranja wote niliowahi kuwa nao walikosea. Waliojificha walibaki na hofu yao ileile. Waliosema wakarekebisha ndio waliokua. Wewe leo umekua mbele ya vyumba vitatu."

"Na wewe asubuhi unafanyaje, mwalimu, tumbo likikukata?"

"Naingia," alisema mwalimu, akachukua chaki zake na kuelekea darasani.