Meno Manane ya Mapokezi

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo usiniambie nimesimuliwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mimi kitandani na digrii yangu, dada anapiga pasi blauzi. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi kwenye kampuni moja yenye jengo la vioo vitupu, yeye aliyeishia form four, wakati mimi na GPA yangu bado naulizwa experience. Sikumwonea wivu. Haya, nilimwonea, so what?

Kazini kwao, kabla milango haijafunguliwa, walipangwa mbele ya kioo, kila mmoja ameuma kalamu kwa upana. Msimamizi, waliyembandika jina la Madamu Meno, alipita akihesabu. Meno manane yaonekane. Saba ni kiburi, tisa ni umbea.

“Sura yako iache kwenu,” alimwambia dada siku ya kwanza. “Hapa unavaa ya kwetu.”

“Sawa, madam.”

Hilo ndilo kosa. Aliitikia.

Mwezi wa tatu tabasamu likaanza kurudi naye nyumbani. Anavua viatu, anatabasamu. Anajikata na kisu jikoni, anatabasamu.

“Zima hiyo kitu, hapa hakuna mteja,” nikamtania.

Akanitazama. Macho yalikuwa yanalia. Mdomo haukuwa na habari.

Kisha mama akafariki, mchana kweupe.

Ndugu wakajaa sebuleni. Dada kasimama mlangoni, meno nje. Shangazi akamnong'oneza jirani, ule mnong'ono wa kusikika mtaa mzima: “Mwone. Aliyeua ndiye anayecheka.” Siku ya mazishi walikuwa wameshakata shauri: kaburini hafiki.

Dada akanivuta chumbani. Midomo haikusogea. Sauti ilitokea nyuma ya meno.

“Mdogo wangu, nivute.”

“Nikuvute nini?”

“Mashavu. Nataka kumlilia mama. Mara moja tu.”

Nikavuta. Ngozi ilikuwa baridi, ngumu, kama sahani. Nikavuta kwa mikono miwili. Ikashuka. Nikaachia.

Ikarudi.

Nje nikasikia mjomba anaulizia misumari ya kufungia jeneza. Dada naye akasikia. Akachomoka, akawapita wajomba kama hawapo, akainamia sanduku, shavu lake juu ya shavu la mama. Akakaa hivyo. Hata shangazi aliacha kupumua.

Ndipo kikatoka kilio. Kilio cha kweli, kibaya, cha makamasi. Dada akainuka uso umekunjamana, mdomo umepinda. Sijawahi kumwona mbaya vile. Sijawahi kumpenda vile.

“Lia, mwanangu, lia,” shangazi akamkumbatia. Mnafiki mkubwa.

Wote wakamfuata yeye. Kufunika sanduku nikaachiwa mimi, si ndimi nisiye na kazi? Nikanyanyua kifuniko, nikatupa jicho ndani.

Nilifunika mbio. Misumari nikapigilia mwenyewe.

Mama alikufa na ufizi mtupu. Miaka minne tulikuwa tunamsagia chakula. Na dada, jioni ile ile nilimfumbua mdomo nikahesabu: meno yake yote yapo.

Sasa yale manane, meupe, yaliyonichekea ndani ya sanduku, ni ya nani?