Nyumba Isiyogombana

Ukungu ulipanda kutoka sakafuni, ukasimama, ukawa ukuta. Kufumba na kufumbua, jiko la Bi Tusajigwe likapotea. Mahali pake pakabaki weupe mtupu, na nyuma ya weupe ule vilele vya milima vikachomoza kwa mbali, kana kwamba nyumba haikuwa ghorofani katikati ya jiji la Mbeya.

Mhandisi Sekela aliitazama kazi yake bila furaha. Ilikuwa nyumba ya mwisho kwa siku hiyo, na miguu ilikuwa imemvimba. Yeye ndiye aliyebuni kuta-ukungu, baada ya kusomea Uchina michoro ya kale ya milima na maji. Wachoraji wale waliacha sehemu kubwa ya karatasi bila wino, ili jicho lipate pa kupumzikia. Sekela akaifundisha akili ya nyumba kanuni hiyohiyo: kinachomchosha mwenyeji, kifunike. Watu wa jiji, waliochoka na kelele, wakazigombania.

Ila nyumba hii ilikuwa ikimaliza ukungu upesi mno, ndiyo maana alikuwa amekuja.

"Shikamoo mama. Mnaionaje nyumba?"

"Marahaba mwanangu. Imetulia. Tulipomzika Lusajo wetu, mimi na baba yake hatukupitisha siku bila kugombana. Tangu mtufungie kuta hizi, hakuna hata neno."

"Baba yuko wapi?"

Bi Tusajigwe alifikiri kidogo. "Atakuwa yupo."

Sekela akaiuliza akili ya nyumba inafunika nini.

"Wanachoshana," ikajibu kwa upole. "Nimemficha kila mmoja asionwe wala asisikiwe na mwenzake."

"Ondoa ukungu. Wote!"

Ukungu ukashuka. Hatua chache tu kutoka jikoni, Mzee Ambakisye alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda, ndevu zimemfika kifuani.

"Mama Lusajo! Mimi nilijua umeshahamia kwa dada yako."

"Nihamie wapi? Mbona umekwisha hivi, Baba Lusajo? Huli?"

"Nile na nani?" Sauti ya mzee ikapanda. "Na wewe ndiye uliyempa mtoto ile pikipiki ya angani!"

"Mimi? Nani aliyemwambia mvua si kitu, aende tu?"

"Kuna ghadhabu," nyumba ikamnong'oneza Sekela. "Nifunike?"

"Waache."

Waligombana mpaka sauti zikawakauka. Maneno yalipoisha wakalia, Bi Tusajigwe amemng'ang'ania mumewe ukosi wa shati kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Sekela alikuwa ameketi sakafuni. Michoro ile ya Uchina haikukosa mtu, aliwaza. Daima palikuwa na msafiri mdogo akivuka daraja kwenda kwa mwenzake. Huyo ndiye ambaye Sekela alisahau kuifundisha mashine habari zake.

"Mama, jirani yako wa hapa mkabala, ambaye naye tulimfungia kuta hizi, anaishi na nani?"

"Na mama yake mzazi. Ila siku nyingi sijawasikia."

Sekela alijiinua kwa kushika ukuta, akatoka, akabisha hodi mlango wa mkabala. Ndani kulikuwa kimya. Akabisha tena.